Barua ya wazi: Kisiwa cha Pate kitayarishwe kwanza, kitangazwe baadaye

Kwa wenye dhamana ya utalii, mambo ya kale na usafiri wa majini katika Kaunti ya Lamu.

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum. Mimi ni mkaazi wa Siyu, kisiwani Pate, mwalimu kwa kazi na mtembeza wageni shule zinapofungwa. Nawaandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe ni la watu wengi, na wengi wao hawana njia ya kufika mezani kwenu. Tumeanza kusikia barazani na redioni kwamba utalii wa Lamu umeegemea mno upande wa Amu, yaani mji wa Lamu, na kijiji jirani cha Shela, na kwamba sasa ni zamu ya kisiwa cha Pate kutangazwa. Nia hiyo ni njema na tunaishukuru. Ombi letu ni kwamba matangazo yangoje kidogo, kwa kuwa kisiwa hiki bado hakijatayarishwa kumpokea mgeni kwa namna itakayomfaa yeye na kutufaa sisi, na mambo yanayokosekana ni madogo kiasi kwamba yanaweza kumalizwa kabla ya bajeti nyingine kusomwa.

Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na ulistahili. Hata hivyo mgeni anayeishia hapo huondoka akidhani kwamba historia ya visiwa hivi ni historia ya mji mmoja, hali ya kuwa kwa muda mrefu Pate ndiyo iliyokuwa na sauti na Amu ikisikiliza. Siwa, yaani baragumu kubwa, ya pembe ya ndovu ambayo kila mgeni huoneshwa katika makavazi ya Lamu ni siwa ya Pate. Mambo yaligeuka mwanzoni mwa karne ya 19, katika vita vya Shela, pale watu wa Pate na washirika wao Wamazrui wa Mombasa waliposhindwa ufuoni. Wazee husimulia kwamba maji yalikuwa yamekupwa na vyombo vyao vimekwama, wasiwe na pa kukimbilia. Ufuo huo ndio ule ambao leo wageni hujilaza juani, na ni wachache mno wanaoambiwa wamelala juu ya nini.

Kisiwa cha Pate kina mengi ya namna hiyo. Nitataja machache tu, kwa sababu kila moja lina shida yake, na shida hizo ndizo zilizonifanya niandike.

Shanga iko kusini mwa kisiwa, na kutoka Siyu watu huiendea kwa miguu wakipita mashamba na vichaka. Katika miaka ya 1980 mtaalamu wa mambo ya kale, Mark Horton, aliichimba kwa miaka kadhaa, na chini ya msikiti wa mawe akakuta misingi ya misikiti mingine iliyotangulia, mmoja juu ya mwingine, ule wa chini kabisa ukiwa mdogo, wa miti, wa karne ya 8. Huo ni miongoni mwa ushahidi wa zamani zaidi wa Uislamu katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Mji ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 15, na kilichobaki juu ya ardhi ni kuta za nyumba, msikiti wa Ijumaa, makaburi na nguzo. Ubora wa Shanga, basi, uko chini ya miguu, mahali ambapo jicho halifiki, na mgeni asiye na mwenyeji wa kumsimamisha pale kwenye kibla na kumweleza tabaka zile huona mawe na miti, akapiga picha mbili, akauliza boti inarudi saa ngapi. Nimeona hayo zaidi ya mara moja, na sikumlaumu mgeni.

Siyu yenyewe ilikuwa mji wa wanazuoni na mafundi. Hapa palinakiliwa misahafu kwa mkono, yenye nakshi za rangi, ambayo baadhi yake leo imehifadhiwa ng'ambo. Hapa palichongwa milango, na hapa aliishi Bwana Mataka, mtawala aliyewakatalia mabwana wa Unguja, pamoja na mkewe, mshairi Mwana Kupona. Kazi ya ngozi bado ipo, ingawa imebaki mikononi mwa wachache. Ukikaa na fundi wa makubadhi, yaani viatu vya ngozi vya wazi, utamwona akikata ukanda kwa jicho bila rula, akautoboa, akaushona, kisha akaupiga nakshi kwa chuma kidogo alichorithi kwa babake. Jozi moja humchukua muda mrefu kuliko anavyodhani mnunuzi. Akimaliza humpa mchuuzi apeleke Amu, na huko makubadhi yale yale huuzwa dukani bila jina la Siyu wala la fundi. Wanawake wanaoshona kofia za vito wako katika hali hiyo hiyo. Kofia moja hushonwa kwa wiki nyingi, tundu kwa tundu, na mwisho faida kubwa humwendea anayeiuza ng'ambo ya maji.

Pate, mji uliokuwa kiti cha Wanabahani, ukoo wa watawala wa kale wa hapa, una jambo ambalo sijaliona kwingine: magofu yake yamo ndani ya mashamba ya tumbaku. Kuta za nyumba za kale huikinga mimea na upepo, na katikati ya majani utaona ukuta ukiwa bado na zidaka zake, safu kwa safu, lipu ikimeguka kidogo kila masika. Mkulima anayelima pale si mharibifu. Alilikuta shamba hilo kwa wazee wake, na pengine yeye ndiye sababu ya kuta hizo kutomezwa na miti. Lakini siku wageni wataanza kuja kwa mamia, atakayelaumiwa ni nani ikiwa ukuta utaanguka, na atakayelipwa ni nani ikiwa njia ya kuuendea inapita katikati ya tumbaku yake? Maswali hayo yana majibu rahisi leo, wakati wageni wanahesabika. Yakingoja miaka mitano yatakuwa kesi.

Sasa niseme juu ya safari, kwa kuwa hapo ndipo mambo mengi hukwamia.

Boti za abiria za kutoka Amu kuja bandari za kisiwa chetu, Mtangawanda, Faza na Kizingitini, hufuata maji. Zinapita mkondo wa Mkanda, kati ya Manda na bara, ambao maji yakipwa hubaki kina cha kugusa tope, hasa wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana. Kujaa kwa maji husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku, kwa hivyo saa ya kuondoka leo haiwezi kuwa saa ya kuondoka Alhamisi. Mwenyeji hapotei katika hilo. Akijua tarehe ya mwezi mwandamo anajua boti itatoka lini, na nahodha naye anajua kwamba anajua, ndiyo maana hakuna aliyewahi kuona haja ya kuandika lolote ukutani. Anayepotea ni mgeni. Mwalimu mwenzangu wa Nairobi alikuja na familia yake, akaambiwa na mtu wa hoteli kwamba boti huondoka saa tatu asubuhi, akafika gatini saa mbili na nusu na watoto wamebeba mikoba, kumbe boti imeshatoka alfajiri. Lililobaki lilikuwa kukodi boti nzima kwa fedha ambazo zingewalaza Amu siku kadhaa. Walirudi Shela, na sikuwaona.

Waheshimiwa, jambo hili halihitaji mshauri mwelekezi kutoka nje. Majedwali ya kujaa na kupwa kwa maji hutolewa mwaka mzima kabla. Manahodha wa safari za Pate wanajulikana kwa majina. Kikao kimoja kati yao na afisa mmoja anayejua kuandika jedwali kingetosha kutoa ratiba ya mwezi: tarehe, saa ya kutoka Amu, saa ya kurudi kutoka Mtangawanda na Faza, na nauli. Ibandikwe gatini Amu na Mokowe upande wa bara, itumwe kwa simu, isomwe redioni baada ya taarifa ya habari, na ikibadilika kwa sababu ya upepo isemwe imebadilika. Pamoja na hayo tunaomba jaketi za kujiokoa zinazotosha abiria wote, wakiwemo watoto, na utaratibu gatini ili bibi kizee asilazimike kuruka kutoka boti hadi boti akiwa ameshikwa mikono na watu asiowajua. Mtaona kwamba katika haya hakuna linalomhusu mtalii peke yake. Mgonjwa anayepelekwa hospitali Amu na mwanafunzi anayerudi bweni wanaihitaji ratiba hiyo kuliko mtu yeyote anayekuja kutazama magofu, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuianza.

Juu ya watembeza wageni, naomba mnivumilie, kwa kuwa hapa nina maslahi. Wapo makampuni ambayo huleta wageni wao kwa boti ya kasi pamoja na mtembezaji wao kutoka mbali. Hushuka, huzungushwa ngomeni, hula chakula walichobeba na kuondoka maji yanapoanza kupwa. Sheria hawajavunja. Lakini kijiji hakibaki na kitu, na mgeni naye huondoka na hadithi isiyo na mizizi. Chukulieni ngome ya Siyu. Wako watakaokwambia kwamba ni ngome ya Waomani, basi, kama zile nyingine. Sisi tumelelewa tukiambiwa kwamba ina mkono wa watu wa Siyu wenyewe, waliopigana na majeshi ya Seyyid Said, sultani wa Unguja, katika miaka ya 1840 na kuyarudisha nyuma. Kaburi la amiri wa majeshi hayo, Hamad, liko upande wa Faza. Mtembezaji mzuri hamfichi mgeni kwamba kuna mabishano. Humweleza pande zote mbili, akamwonesha ukuta, akamwachia mwenyewe.

Vivyo hivyo na hadithi ya Wachina. Husimuliwa kwamba merikebu yao ilivunjika karibu na hapa zamani, mabaharia wakaogelea hadi pwani, wakamuua chatu aliyekuwa akiwasumbua wenyeji, wakaruhusiwa kukaa na kuoa. Vigae vya Kichina vimepatikana Shanga kweli, lakini vigae hivyo vimepatikana karibu kila mji wa kale wa pwani hii, kwa sababu vilikuwa bidhaa ya biashara. Kijana asiyefundishwa atavitumia kuthibitisha kila kitu, na aliyefundishwa atajua mpaka wa hadithi na wa kilichochimbuliwa, na atazisimulia zote mbili bila kuzichanganya. Vijana wa kufundishwa tunao. Wamemaliza kidato cha nne, wanasema Kisiyu, Kiswahili sanifu na Kiingereza, na wanakaa barazani. Tunaomba mafunzo yafanyike hapa kisiwani, yafanywe na wataalamu wa Makavazi ya Taifa pamoja na wazee wetu, leseni itolewe kwa ada ambayo kijana wa kijijini anaweza kuilipa, na iwe kanuni kwamba kundi lolote linaloingia Shanga, Siyu au magofu ya Pate liwe na mtembezaji mmoja wa kijiji hicho, hata kama limekuja na wake.

Mtembezaji wa kijijini pia ndiye anayejua yasiyoandikwa. Anajua nyumba ambayo ina msiba leo na haipigwi picha, saa ya sala ambayo watu hawapiti mbele ya msikiti kwa kaptura, na kisima ambacho wanawake huteka maji asubuhi na hawapendi kukuta kamera. Mambo haya yakiharibika mara mbili tatu, wazee watafunga mlango, na watakuwa na haki.

Kuhusu malazi nitasema kwa ufupi. Msituletee hoteli kubwa. Maji matamu ya kisiwa hiki ni ya visima na ya jabia zinazokinga mvua, na kiangazi kikiwa kirefu hayatutoshi sisi wenyewe. Kinachofaa ni chumba katika nyumba ya mtu, kitanda cha mwakisu au godoro safi, chandarua, choo kizuri, na chakula kinachopikwa kwa ajili ya wenye nyumba pia: mkate wa mofa, samaki wa kupaka, wali wa nazi. Wapo wanaopokea wageni hivi tayari, kwa kujuana. Mjane mmoja wa hapa aliulizia kibali ili afanye kazi hiyo kihalali, akapewa orodha ya masharti ambayo ni ya hoteli ya vyumba hamsini. Akaliacha. Tunahitaji kibali cha nyumba ndogo, chenye ukaguzi wa usafi na usalama, kwa karatasi moja na kwa ada ndogo.

Mfano wa fedha kufika majumbani uko jirani, na hauhitaji kuvuka mpaka wa nchi. Gede, karibu na Malindi, iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, lakini tangu 1993 pamekuwa na mradi wa Kipepeo pale pale, ambapo wakulima wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo na kuuza pupa zao, yaani vipepeo wakiwa bado ndani ya magamba, nje ya nchi. Mkulima analipwa, kwa hivyo ana sababu ya kutokata msitu. Najua kwamba Gede iko kando ya lami na sisi tuko ng'ambo ya Mkanda. Siombi tunakiliwe mradi wao neno kwa neno. Naomba sehemu ya kiingilio kinachotozwa katika magofu ya kisiwa hiki irudi katika kijiji husika kwa hesabu inayobandikwa wazi, na kwamba mkulima wa tumbaku wa Pate apewe malipo ya kila mwaka kwa kuacha njia na kutunza kuta zilizo shambani mwake. Kumhamisha kungeonekana nadhifu zaidi katika ramani, na lingekuwa kosa.

Haifai kuandika juu ya safari za Lamu na kunyamaza kuhusu usalama. Utekaji wa wageni wa mwaka 2011 na mauaji ya Mpeketoni ya Juni 2014 viliumiza watu kwanza na utalii baadaye, na sisemi kwamba hofu iliyofuata haikuwa na msingi. Lakini tahadhari zinazotolewa huzungumzia Lamu yote kwa pumzi moja, ilhali msitu wa Boni, mpaka wa Kiunga, mji wa Amu na kisiwa cha Pate ni sehemu tofauti. Wapo kati yenu wanaopokea taarifa za kila sehemu. Zitoleeni maelezo ya hadhara, ya kweli, kijiji kwa kijiji, na pale ambapo hapafai kwenda semeni wazi kwamba hapafai. Mgeni anayeambiwa ukweli hurudi.

Huenda mtajibu kwamba mambo haya yamegawanyika kati ya ofisi nyingi, kila moja ikingoja nyingine. Tumeisoma Katiba ya 2010. Jedwali la Nne limeweka utalii wa mahali, vivuko na bandari ndogo mikononi mwa kaunti, na mambo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa mikononi mwa serikali ya taifa, chini ya sheria ya makavazi na turathi ya mwaka 2006. Kwa hivyo ratiba ya boti, usalama wa gati na vibali vya nyumba ndogo vina mwenyewe. Ulinzi wa Shanga na magofu ya Pate, na mgawanyo wa viingilio, navyo vina mwenyewe. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichobaki yatima.

Tunaomba basi kwamba ratiba ya kwanza ya boti ibandikwe kabla ya kaskazi kuingia, wakati safari zinapoanza kuwa nyingi, na kwamba matangazo yoyote ya kisiwa cha Pate yasitolewe mpaka vijana wa kwanza wamepewa leseni na makubaliano na wakulima wa Pate yametiwa saini. Tunaomba pia kikao, na kifanyike Siyu, si Amu. Wazee wa Pate, Faza, Tundwa na Kizingitini wamekubali kuhudhuria, na chumba cha shule kipo. Mkichagua siku, tafadhali mtupe tarehe ya mwezi mwandamo pamoja na ile ya kalenda, ili tuwaambie saa ya kupanda boti na saa ambayo ni lazima muwe mmemaliza, kama hamtaki kulala kwetu. Mkitaka kulala, vyumba vitakuwa tayari.

Wabillahi tawfiq.

Mwalimu na mtembeza wageni,
Siyu, Kisiwa cha Pate